Mfumo umekuja, daftari limebaki: nani alishawahi kulifunga?

Karani wa Takwimu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma humu mara nyingi watu wakilalamika kwamba ofisi yao imenunua mfumo wa mamilioni na bado wafanyakazi wanaandika kwenye kauntabuku. Jibu linalotolewa huwa lile lile: Waswahili hatupendi mabadiliko. Naomba nilipinge. Nimekaa upande wa takwimu katika hospitali ya wilaya moja (jina sitaji, na mkinihisi nyamazeni) kuanzia enzi za karatasi tupu mpaka sasa, na kosa nililoliona halikuwa kwa wanaokaa dirishani.

Kwa wasiojua, hospitali zetu zinaishi kwa MTUHA, vile vitabu vikubwa vya wizara. Mgonjwa wa nje anaingia kitabu namba 5, mjamzito namba 6, anayejifungua namba 12. Kila mstari ni mtu. Mwezi ukiisha unakaa na vitabu, karatasi ya kujumlishia na kikokotoo, unahesabu malaria wangapi, walio chini ya miaka 5 wangapi, wanawake wangapi. Ripoti inatakiwa wilayani kabla ya tarehe 7, waiingize kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Mfumo huo Tanzania ilikuwa imeusambaza wilayani kufikia 2013. Yaani juu walikuwa na kompyuta kitambo, ila huku chini tulikuwa tunailisha kompyuta hiyo kwa kalamu.

Nilikuwa nalala na vitabu hivyo siku tatu kila mwezi. Kwa hiyo tulipoambiwa kuna mfumo unakuja, mgonjwa anasajiliwa mapokezi, daktari anamkuta kwenye kioo cha kompyuta, maabara inarudisha majibu humo humo na ripoti inajijumlisha yenyewe, hapakuwa na aliyefurahi kunizidi.

Mafunzo yalikuwa siku 5, ukumbini, mjini. Walioitwa ni wakuu wa vitengo. Posho, si mnajua. Mabinti wa mapokezi, ambao ndio wangeshika kazi tangu saa 1 asubuhi, hakwenda hata mmoja. Niliwafundisha mimi koridoni, jioni mbili, kwa kompyuta moja.

Jumatatu ya kwanza foleni ilifika getini. Daktari anachapa kwa kidole kimoja, mgonjwa amekikodolea macho kile kidole. Saa 4 umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa, kompyuta zikaamka, kisanduku cha mtandao kikagoma kuamka. Mganga Mfawidhi akatoka nje, akaitazama foleni, akasema, "Rudini kwenye vitabu, kwa leo tu."

Hiyo "kwa leo tu" ilidumu miezi 7.

Na mfumo wenyewe hatukuuacha. Tungeuacha ingekuwa nafuu. Tuliambiwa tufanye vyote viwili, "kipindi cha mpito". Muuguzi anaandika kitabuni asubuhi, mchana foleni ikipungua anahamishia kwenye kompyuta. Mtu aliyechoka anahamishaje, mnajua. Mtoto wa miaka 2 anakuwa na 22, mwanamume anapimwa ujauzito. Mfumo ukawa nakala mbovu ya kitabu. Mwisho wa mwezi nina ripoti mbili zisizolingana, wilaya inataka moja. Nilipeleka ya kitabu. Na hospitali nzima ilijua kwamba napeleka ya kitabu. Sasa nani ajisumbue na kompyuta?

Kipindi chenyewe cha mpito hakikuwa na tarehe ya kwisha. Hapo ndipo ninapotaka tupajadili. Habari ya "kuwahamasisha watumishi" tumeshaisikia vya kutosha.

Nitaendelea, naitwa kula.

Mpiga Ramli

Unatuwekea sahani mezani halafu wewe ndiye unakwenda kula. Nipo nasubiri.

Bwana Hesabu

Mkuu, umeandika vizuri ila kuna mahali umeteleza. Watu wanaogopa mfumo kwa sababu unawaumbua, basi. Keshia anayekata risiti kwa mkono na keshia wa mfumo hawalali usingizi mmoja. Mtunza stoo ya dawa vilevile. Tusiwapambe kwa maneno ya "uchovu" na "mpito". Ukitaka kujua nani anapinga mfumo, tazama nani alikuwa anakula.

Mama Zamu ya Usiku

Kaka yangu Bwana Hesabu, mimi ni muuguzi, mwaka wa 19 huu wodi ya wazazi. Njoo usiku mmoja uone ninachokula.

Niko mwenyewe na mhudumu mmoja. Akina mama wanne wana uchungu, mmoja njia imefika sentimita 9. Nasikiliza mapigo ya mtoto, nachora patografu, na hiyo patografu ni karatasi ninayoihitaji mimi mwenyewe kabla ya mkubwa yeyote, maana ndiyo inayoniambia huyu mama anachelewa. Akijifungua naandika namba 12. Naandika kadi yake. Naandika faili. Naandika karatasi ya mtoto. Naandika ripoti ya makabidhiano ya asubuhi. Halafu kompyuta iko ofisini kwa mfawidhi, na ufunguo ameondoka nao saa 9 na nusu mchana.

Siku moja nilihesabu: jina la mama mmoja naliandika mahali 6. Mfumo ulipokuja likawa mahali 7. Asubuhi naitwa kwenye kikao naambiwa wauguzi tuna mgomo baridi. Nileteeni kitu cha kunifanya niandike mara moja tu, nitakibeba mgongoni kama mwanangu. Mpaka leo sijaletewa hicho. Nimeletewa cha saba.

Bwana Hesabu

Dada, hapo umenikamata. Naomba radhi kwa wauguzi. Kwa makeshia sifuti neno.

Karani wa Takwimu

Nimerudi. Ugali ulikuwa wa dagaa, asanteni kwa kuuliza.

Bwana Hesabu hajakosea, ila amelipa jambo zima jina la kipande chake. Walaji walikuwepo. Malipo yalipohamia kwenye kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, fedha inakwenda moja kwa moja benki au kwa simu, mlango ule ukaziba, na kuna mtu aliomba uhamisho kabla miezi 2 haijaisha. Sina la kuongeza hapo. Hao ni wepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu hawawezi kusimama kikaoni wakasema wanachopinga.

Aliyetusimamisha kabisa hakuwa mwizi. Alikuwa mzee wetu wa masjala.

Mzee huyu alikuwa na mafaili maelfu kwenye rafu za mbao, na kumbukumbu yake ndiyo ilikuwa mfumo. Ukifika bila kadi, anakuuliza jina la baba, kijiji, na balozi wenu wa nyumba kumi ni nani, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye rafu. "Wewe si mjukuu wa yule aliyekuwa anauza mafuta ya taa pale njia panda? Faili lako lina gundi nyekundu." Madaktari walikuwa wanamwita Profesa, na hawakuwa wakimtania.

Mfumo ulipokuja kikahitajika chumba chenye ubaridi cha kuweka seva. Wakachagua masjala. Rafu zikahamishiwa stoo ya nyuma, mzee akapewa benchi nje. Hakuna aliyemwita kumwuliza lolote. Yeye hakugombana na mtu. Kila alipotumwa faili alijibu kwa upole kabisa, "Iulizeni kompyuta."

Na kompyuta ilikuwa haijui. Watu wetu wakipoteza kadi wanasajiliwa upya, kwa hiyo mama mmoja ana namba 3 au 4. Mmoja kaandika Mwanaidi, mwingine Mwanahidi. Khadija Ramadhani wa juzi ni Hadija Ramadhan wa leo. Daktari anafungua kioo anaona mgonjwa mpya asiye na historia, kumbe ni mwenye kisukari wa miaka 10. Yule fundi aliyetuletea mfumo akasema, "Data zenu chafu." Mzee akacheka pale pale kwenye benchi.

Aliyetuokoa ni muuguzi mfawidhi, mama mmoja mkali, aliyesema siku ile ile huyu mzee arudi ndani na awekewe kijana wa kubofya. Basi wakawa wanakaa wawili. Kijana anasoma majina yanayofanana, mzee anasema, "Huyu na huyu mmoja. Huyu si yule, yule alifariki, huyu ni mdogo wake kapewa jina." Kibodi hakuigusa hata siku moja. Ilichukua miezi 4 na ndiyo kazi bora ya data niliyoiona maishani mwangu, na kwenye bajeti ya mradi haikuwa na mstari.

Fundi Mifumo

Mimi niko upande wa pili, ndio hao mnaotuita mafundi. "Data zenu chafu" nimeshawahi kulisema kwa mdomo wangu, na leo nalionea aibu.

Lakini nisikilizeni na mimi. Tunapokuja kuuliza kazi zenu zinaendaje, uongozi unatuletea mwakilishi. Mwakilishi ni mtu mwenye nafasi, na mwenye nafasi ni yule asiyekaa dirishani. Anatueleza kazi ilivyoandikwa kwenye mwongozo. Tunajenga hiyo. Siku ya kuwasha ndipo tunagundua kwamba mapokezi huwa wanamruhusu mtoto mwenye degedege apite kwanza akaandikwe baadaye, na sisi tumeweka sharti kwamba hakuna hatua ya pili bila usajili. Binti wa mapokezi analijua hilo tangu siku yake ya kwanza kazini. Hatukuonana naye.

Jambo la pili ni nywila. Nenda hospitali yoyote usiku, utaikuta imebandikwa kwenye kioo kwa plasta. Zamu nzima inaingia kwa jina la mtu mmoja. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, iliyopitishwa 2022, na taarifa za afya ziko kwenye kundi nyeti. Likivuja jambo, mfumo utamtaja mtu aliyekuwa amelala kwake.

Mama Zamu ya Usiku

Ibandikwe wapi, mdogo wangu? Mmenipa nywila ya herufi 12 yenye alama ya mshangao, inakufa kila baada ya siku 30, na mtu wa TEHAMA wa kuifufua anafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Mtoto anazaliwa Jumapili.

Fundi Mifumo

Sina jibu, dada. Nitalipeleka.

Maziwa Lala

Hamjambo wandugu. Mimi niko Kenya, upande wa milimani, na wetu ulikuwa ushirika wa maziwa, sio hospitali. Naona ugonjwa ni mmoja.

Zamani karani wa kituo alipima maziwa kwa mizani ya kuning'iniza akaandika kwenye kadi ya mkulima. Kilo 7 na nusu iliandikwa 7. Hizo nusu nusu zilikuwa zinaenda wapi, Mungu anajua. Ikaja mizani ya kidijitali, uzito unaingia wenyewe, na ujumbe unafika kwa simu ya mwanachama papo hapo. Sisi kwenye kamati tukajiandaa kupigana na makarani. Tulipanga hata mkutano wa kuwatisha kidogo.

Makarani walinyamaza. Waliokataa ni akina mama wakulima! Maziwa yakaanza kupungua kituoni, wiki baada ya wiki, na mizani ikatuonyesha upungufu huo kwa mistari mizuri ya rangi.

Ikabidi mama mmoja wa kamati aende kuwauliza nyumbani, si mkutanoni. Mwanachama aliyeandikishwa ni mzee wa boma, kwa sababu shamba ni lake. Anayekama na kubeba mtungi ni mama. Siku za kadi, mama alikaa na kadi na mama ndiye aliyesimama dirishani kupokea malipo. Sasa ujumbe na pesa vyote vinaingia kwa simu ya mzee, naye yuko sokoni anaangalia hesabu kabla mtungi haujarudi nyumbani. Basi mama akamgeukia mchuuzi wa pikipiki, anayelipa taslimu na hatumi ujumbe kwa mtu.

Tulibadilisha usajili, boma moja likawa na majina mawili na namba mbili za simu, na malipo yakagawanywa walivyokubaliana wenyewe. Kuna wazee walinuna. Maziwa yalirudi, sio yote.

Kwenye karatasi za mradi tulikuwa tumeandika kwamba faida ya mfumo ni uwazi. Hatukujiuliza unamwonyesha nani mambo ya nani.

Mpiga Ramli

Huyu wa maziwa kaniacha mdomo wazi. Hilo la mwisho nimeliandika.

Baridi ya Ottawa

Salamu kutoka Kanada. Niwaongezee moja la huku, mtu asije akadhani haya ni mambo ya nchi maskini.

Serikali ya shirikisho ilikuwa na mfumo mkongwe wa mishahara. Ikaamua kuweka mpya, ukaitwa Phoenix, ukawashwa Februari 2016. Hesabu ya kuuombea fedha ilisema utaokoa takriban dola milioni 70 kila mwaka. Zingeokolewaje? Kwa kupunguza washauri wa mishahara waliotapakaa kwenye idara, na kazi ya idara nyingi kuikusanya mji mmoja, Miramichi, kule New Brunswick. Wengi wa waliokuwa wakijua vipengele vya ajabu ajabu vya mikataba, nani analipwa zamu ya usiku vipi, nani alikaimu cheo kwa wiki mbili, waliondoka kabla mfumo haujasimama. Huyo ndiye mzee wenu wa masjala, ila wa kwetu walikuwa mamia.

Kilichofuata kila mtu hapa anakijua. Watu wengine hawakulipwa, wengine walilipwa zaidi kisha wakadaiwa. Mwaka uliofuata, 2017, Mkaguzi Mkuu alikuta watumishi zaidi ya 150,000 wana matatizo ya mshahara yanayosubiri kurekebishwa. Ripoti yake ya 2018 iliuita mradi huo kushindwa kusikoelezeka kwa usimamizi. Fedha ya kurekebisha ilikuja kupita mara nyingi ile iliyodaiwa kuokolewa.

Rafiki yangu mmoja aliyekuwa kwenye idara mojawapo aliniambia kwamba majaribio ya mwisho yalipunguzwa ili tarehe isisogee. Karani analia kwamba kwao hapakuwa na tarehe. Huku tarehe ilikuwepo na ndiyo ilituua.

Karani wa Takwimu

Ottawa, umenigusa penyewe na nimefurahi. Tarehe ninayoizungumzia mimi si ya kuwasha. Kila mradi unayo hiyo, ndiyo ya kukata utepe, mgeni rasmi anakuja, kuna soda. Mimi nataka tarehe ya kufunga daftari, na hiyo huwezi kuiweka kabla hujajua kwamba kilichomo daftarini kinaishi kwingine. Kwenu walilifunga daftari kabla ya kulisoma.

Sasa niwaambie sisi tulilifungaje, kwa sababu kuna watu wameniuliza faragha.

Kwanza niligundua kitu ambacho kwa aibu kilinichukua miezi. Kila msimamizi aliyetutembelea, wa wilaya, wa mkoa, wa miradi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Kitabu kiko wapi?" Anakifungua, anatazama mistari ilivyojazwa, anasaini pembeni. Kompyuta hakuiangalia. Mtumishi si mjinga. Anachoulizwa na mkubwa ndiyo kazi, kingine ni mapambo. Tungepiga semina 20 na zisingelishinda swali lile moja.

Na vitabu vile si mali yetu hata tuviache kienyeji, ni nyenzo za wizara. Kwa hiyo kazi halisi ya mabadiliko ilikuwa juu yetu, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, tumwombe apokee ripoti kutoka mfumoni na awaelekeze wasimamizi wake waulize mfumo kwanza. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimpelekea miezi 2 ya kitabu na mfumo vimewekwa sambamba, kwa kitengo kimoja tu, wagonjwa wa nje, na pale vilipotofautiana nimemwonyesha mgonjwa kwa mgonjwa nani alikosea. Mara nyingi kitabu ndicho kilikuwa kimeruka watu. Siku foleni ni ndefu mwandishi anaruka mstari, na mstari ulioruka hauonekani. Akakubali kwa hicho kitengo.

Barua ikaandikwa. Kitabu namba 5 kikafungwa tarehe 1, kwa sababu ripoti ni za mwezi na hutaki mwezi wenye vichwa viwili. Kikapigwa mstari mwekundu, Mfawidhi akasaini, mimi nikakipeleka stoo na kufuli. Mabinti wa mapokezi walipiga vigelegele, sitanii. Maabara ikafuata, kisha dawa. Wodi ya wazazi hatukuigusa. Dada Zamu ya Usiku ameshaeleza kwa nini, na wetu walisema neno kwa neno kama yeye. Kule kitabu namba 12 bado kipo mpaka kompyuta itakapofika kitandani.

Umeme je? Tulichapisha fomu moja, upande mmoja wa karatasi, ina vitu vile tu vinavyotakiwa na kioo, kwa mpangilio ule ule. Mtandao ukikata, fomu inatoka. Ukirudi, aliyeijaza ndiye anayeiingiza, kisha inachanwa mbele ya mkuu wa zamu. Wengi walidhani kuchana ni mchezo. Tulijua tukiziacha zitashonwa, na zikishonwa zitakuwa daftari.

Bwana Hesabu

Hiyo ya kuchana ni akili kubwa. Ila mkaguzi akija kutafuta karatasi?

Karani wa Takwimu

Alikuja. Tulikuwa na barua ya kuruhusiwa. Bila barua ningekuwa nawaandikia uzi mwingine.

Muuguzi wa Leeds

Kaka Karani, vipi zile dashibodi? Kila mradi huwa unakuja na televisheni ukutani.

Karani wa Takwimu

Umenichokoza! Ndiyo, tulifungiwa televisheni koridoni. Muda wa mgonjwa kusubiri, tangu kusajiliwa hadi kuonwa na daktari. Kijani, njano, nyekundu. Wiki ya kwanza nyekundu tupu. Wiki ya tatu kijani. Uongozi ukapiga picha. Mimi nikapita mapokezi saa 2 asubuhi nikakuta watu 40 wamekaa kwenye mabenchi hawajasajiliwa. Binti akaniambia bila kuficha, "Tunawasajili daktari akiwa tayari, tukiwahi inakuwa nyekundu." Mgonjwa anasubiri vile vile, ila sasa anasubiri nje ya mfumo.

Tukaizima. Data iliyoleta faida ilikuwa karatasi moja ya Jumatatu kwenye kikao cha asubuhi: vipimo vilivyoombwa na daktari wiki iliyopita vikashindikana, na sababu. Vitendanishi (dawa za kupimia) vimekwisha, vitendanishi vimekwisha, mashine mbovu. Maabara walikuwa wanalia hivyo miaka yote na hakuna aliyewasikia. Safari ile mfamasia alibeba karatasi ile wakati wa kuagiza Bohari ya Dawa, oda ikarekebishwa, vitendanishi vikaja. Baada ya hapo sikuwahi kumkumbusha mtu wa maabara aingize kipimo kilichoshindikana. Wananikumbusha wao nikichelewa kuchapisha.

Muuguzi wa Leeds

Hilo la kusajili kwa kuchelewa limenichekesha kwa uchungu. Huku Uingereza kuliwekwa lengo kwamba mgonjwa wa dharura amalizwe kuhudumiwa ndani ya muda wa saa nne tangu afike, na zikaripotiwa hospitali zilizoacha magari ya wagonjwa yakingoja nje ili saa isianze kuhesabu.

Kwa wanaodhani mfumo hausemi uongo, someni habari za Horizon ya Posta ya huku. Mfumo wa hesabu ulisambazwa kuanzia 1999. Ulipoonyesha upungufu wa fedha, msimamizi wa tawi ndiye aliyeambiwa mwizi. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani hadi 2015, wengine wakafungwa, na kila mmoja alipolalamika aliambiwa kwamba ni yeye peke yake. Mahakama Kuu ilikuja kukubali 2019 kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo Mei 2024. Kwa hiyo, Karani, ulipomwonyesha mkubwa wako mgonjwa kwa mgonjwa nani alikosea, ulifanya jambo ambalo huku halikufanywa miaka mingi. Ulikubali kwamba kompyuta nayo inaweza kuwa ndiyo iliyokosea.

Karani wa Takwimu

Ilikosea pia. Mara 11 katika miezi ile 2. Nilimpelekea nazo, na nadhani hizo 11 ndizo zilizomfanya aniamini.

Mgeni wa Halmashauri

Samahani wakuu kwa kuingilia, nimeusoma uzi wote tangu jana. Sisi si hospitali, ni halmashauri, mfumo wa leseni na ushuru wa masoko. Unaanza mwezi ujao. Mtaalamu amesema tutaendelea na stakabadhi na rejesta za mkono "mpaka watumishi wazoee". Nilikuwa naona ni busara. Sasa nimeanza kuogopa.

Karani wa Takwimu

Usiogope, uliza. Watumishi watakuwa wamezoea lini, na atakayesema wamezoea ni nani? Rejesta ipi inafungwa kwanza? Mkaguzi wa ndani ameandikiwa? Na kuna mama au mzee gani pale sokoni anayejua kila meza ni ya nani bila kutazama karatasi, na je, kuna aliyemwita?

Mgeni wa Halmashauri

Yupo. Tunamwita Katibu ingawa si katibu wa chochote. Hajaitwa.

Mpiga Ramli

Mwiteni kabla hajapewa benchi.

Mgeni wa Halmashauri

Mrejesho, wakuu. Leo kwenye kikao nimeuliza tarehe ya kufunga rejesta. Kimya. Kisha mwenyekiti akasema hilo ni la kitaalamu, mtaalamu akasema hilo ni la kiutawala. Wameahidi kunijibu. Katibu wa sokoni wamekubali aje Alhamisi, ila nauli yake haina kifungu, nimetoa mimi.

Karani wa Takwimu

Hakikisha muhtasari unaandika kwamba uliuliza, na tarehe uliyouliza. Alhamisi mkae naye wewe na yule kijana wa kubofya, bila wakubwa. Na umnunulie chai.